Roketi ya Kipenyo cha Sentimita 30 Ndani ya Kerbal Space Program

BARAKA: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo tunaingia kwenye karakana ya Kerbal Space Program, gemu ya kompyuta ya kuunda na kurusha roketi, na humo tutaunda, ili kuionyesha kwenye video, roketi ya aina ile inayojengwa na wapenzi wa anga kwa mikono yao wenyewe, bila serikali wala jeshi. Dada Zuhura, anayeona video za namna hii swali lake la kwanza huwa: hii si gemu tu?

ZUHURA: Ni gemu, lakini hesabu zake za mwendo ni hesabu za kweli. Usiitumie kuthibitisha kwamba roketi itaruka. Hilo huthibitishwa kwenye benchi la majaribio, injini ikiwa imefungwa kwa boliti na vipimo vinasomwa. Gemu inamsaidia mtu asiyeweza kusoma mchoro wa kihandisi: anaona roketi inavyopungua uzito, injini inazima wapi, parachuti inatoka lini. Na picha hiyo inategemea namba nne: uzito roketi ikiwa imejaa, uzito ikiwa tupu, msukumo wa injini, na kipenyo. Kosea moja tu, umechora roketi ya mtu mwingine.

BARAKA: Tuwape mfano wa kushika. Kule Denmark kuna Copenhagen Suborbitals, kundi la watu wanaojitolea. Roketi yao Nexø II iliruka tarehe 4 Agosti 2018 kutoka baharini, karibu na kisiwa cha Bornholm. Kipenyo sentimita 30, urefu mita 6.7, injini ya kilonewtoni 5 inayochoma ethanoli na oksijeni ya kimiminika. Ilifika kilomita 6.5 hivi.

ZUHURA: Basi yetu iwe ya ukoo huo, kwa namba za mviringo ili hesabu ifuatike: kilo 300 imejaa, kilo 180 tupu, kilonewtoni 5, sentimita 30. Ukiwa na hizo tu, kalamu inakuambia mengi kabla hata hujafungua gemu. Newtoni 5,000 ukizigawa kwa uzito wa kilo 300, yaani newtoni 2,943, unapata 1.7; inazidi 1, kwa hiyo itanyanyuka. Gesi ikitoka kwa mita 2,000 kwa sekunde, injini inakula kilo 2.5 kila sekunde, na kilo 120 zinaisha kwa sekunde 48. Delta-v yote, yaani jumla ya kasi ambayo mafuta yanaweza kuipa roketi, ni kama mita 1,020 kwa sekunde. Mvutano wa dunia peke yake unakula 470 katika hizo sekunde 48. Zinabaki 550, na hewa nayo haijadai chake.

BARAKA: Na dunia ya gemu, Kerbin, si ndogo mno kwa kazi hii?

ZUHURA: Kwa obiti ni ndogo mno. Nusu kipenyo chake ni kilomita 600, ya Dunia ni 6,371. Obiti ya chini kule inataka mita 2,250 hivi kwa sekunde, huku kwetu 7,800. Ukionyesha roketi ya wapenzi inafika obiti pale, umempotosha mtazamaji. Ila kwa kilomita za mwanzo tu, mvutano ni ule ule 9.81 na hewa ya usawa wa bahari ina shinikizo lile lile. Hewa yake hupungua haraka zaidi na kuisha kabisa kilomita 70. Kwa hiyo roketi ya kilomita sita au kumi inaeleweka hata bila modi, yaani programu ya nyongeza. Anayetaka kuonyesha safari ya kuvuka kilomita 100 aweke modi ya Real Solar System, apate Dunia yenye ukubwa wake.

BARAKA: Tuunde sasa. Kikwazo cha kwanza ni kipenyo, maana vipande vya kawaida vya roketi vinaanzia mita 0.625, mara mbili ya tunachotaka.

ZUHURA: Hapo unahitaji TweakScale ya kupunguza vipande, au Procedural Parts ya kuchora tangi kwa vipimo vyako. Napendelea ya pili kwa matangi. Tengeneza mawili, usitengeneze moja. Mafuta na kioksidishaji vya gemu vyote vina kilo 5 kwa yuniti moja, na injini huvichanganya 9 kwa 11. Kilo 120 ni yuniti 24, yaani 10.8 za mafuta na 13.2 za kioksidishaji. Kwenye tangi la juu shusha kitelezi cha kimoja hadi sifuri, kwenye la chini shusha kingine.

BARAKA: Kwa nini mateso yote hayo? Tangi moja lenye vyote viwili linarusha roketi vilevile.

ZUHURA: Linarusha, lakini kitovu cha uzito kinasogea visivyo, na usawa wa roketi hii unategemea kitovu hicho. Halafu angalia urefu. Kilo 54 za ethanoli yenye robo ya maji ni lita 63 hivi, kilo 66 za oksijeni ni lita 58. Ndani ya bomba la sentimita 30, hizo ni sentimita 89 na 82. Mtazamaji akiona matangi hayo mawili yamepangana, ameshaelewa kwa nini roketi ni ndefu na nyembamba. Ya kweli huongezewa nafasi ya gesi ya kusukuma mafuta.

BARAKA: Uzito ukikataa kufika 180?

ZUHURA: Ukipungua, tia farumi kama kwenye jahazi. Tangi dogo la madini linafaa, kila yuniti ni kilo 10. Liweke pale penye kifaa kizito cha kweli, mfano chupa ya heli, usilitupe popote. Ukizidi, mkosaji kwa kawaida ni injini. Spark ya gemu ina kilo 130 na msukumo wa kilonewtoni 16.6 hivi usawa wa bahari. Unaweza kushusha kikomo cha msukumo hadi asilimia 30, lakini Isp, kipimo cha injini inavyotumia mafuta vizuri, inabaki sekunde 265, ambayo injini ndogo inayosukumiwa mafuta kwa gesi haiioti. Tengeneza faili ya mipangilio (cfg) kwa modi ya ModuleManager, ubadilishe uzito, maxThrust yaani msukumo wa juu, na atmosphereCurve, ambamo Isp huandikwa, iwe kama 204 kwenye shinikizo 1. Hiyo ndiyo mita 2,000 kwa sekunde tuliyohesabia.

BARAKA: Sasa tufike kwenye jambo linaloharibu video nyingi kuliko yote: roketi inaruka wima kama mshale, na kumbe mchoro wake ni mbovu.

ZUHURA: Magurudumu ya ndani! Kichwa cha Mk1, chumba cha rubani cha gemu, kina magurudumu yanayokigeuza chombo kwa kilonewtoni-mita 5 bila kugusa hewa. Hiyo ni sawa na kuning'iniza kilo 510 kwenye ncha ya mti wa mita moja. Kwa roketi ya kilo 300, hata ukisahau mapezi itasimama. Bonyeza kipande kwa kitufe cha kulia, zima. Au tumia Stayputnik, kichwa kisicho na rubani, ambayo haina magurudumu hayo kabisa. Ukishazima, mchoro mbovu utakwenda mrama sekunde chache baada ya kuondoka, na hapo gemu ndiyo imeanza kusema kweli.

BARAKA: Na kabla ya kurusha, ndani ya karakana?

ZUHURA: Washa alama za vitovu. Mpira wa njano ni uzito, wa buluu ni nguvu za hewa. Wa buluu uwe nyuma ya wa njano kwa kipenyo kimoja hadi viwili, kwetu sentimita 30 hadi 60. Pima mara mbili: matangi yakiwa yamejaa, kisha vitelezi vyote sifuri. Roketi nyingi ziko sawa zikijaa na ziko mashakani zikiwa tupu, au kinyume chake. Na tahadhari: ule mpira wa buluu wa kawaida hauhesabu mwili wa roketi, unahesabu mapezi na mabawa. Weka modi ya FAR, inayohesabu hewa kwa chombo kizima, ndipo uuamini.

BARAKA: Lakini hata mapezi mazuri hayafanyi kazi mwanzoni.

ZUHURA: Ndiyo, na hapa hesabu inafundisha kuliko picha. Kwa 1.7 yetu, kasi huongezeka mita 6.9 tu kwa sekunde kila sekunde. Mwisho wa reli ya kurushia ya mita 10 una mita 12 kwa sekunde, mwendo wa baiskeli iliyokazwa. Mapezi bado hayajashika hewa, na upepo wa bahari unaweza kuzidi hapo. Ndiyo maana Nexø zilikuwa na vibao vidogo vinavyoingia ndani ya moto wa injini kuusukuma pembeni. Gemu haina vibao hivyo, kwa hiyo ruhusu injini kuyumba, ushushe kikomo chake kiwe nyuzi moja au mbili. Upepo pia haina, na hilo uliandike kwenye skrini.

BARAKA: Hayo ndiyo yasiyoonekana. Vali pia hakuna. Septemba 2010 kundi lile lile lilijaribu kurusha HEAT-1X, vali ya oksijeni ikaganda kwa sababu kikausha nywele kilichokuwa kinaipasha moto kiliishiwa umeme. Roketi haikuondoka. Iliruka Juni 2011, ikafika kilomita 2.8. Kwenye gemu ungebonyeza tu na moto ukawaka.

ZUHURA: Kwa hiyo mchezeshaji makini humwambia mtazamaji: hapa tumeruka vali, bomba na baridi.

BARAKA: Tumalizie parachuti.

ZUHURA: Kilo 180 zishuke mita 8 kwa sekunde: unahitaji kama mita za mraba 56, duara la kipenyo cha mita 8.5. Ukitaka mita 4 kwa sekunde, eneo ni mara nne. Ya gemu ina ukinzani wake uliopangwa, hivyo ongeza au punguza hadi kasi ya kutua ilingane na hesabu, usijali ukubwa wa picha. Yenyewe hufunguka kamili mita 1,000, lakini unaweza kubadilisha. Weka ndogo ya kupunguza kasi kwanza, maana ikoni ikiwa nyekundu kitambaa kitachanika.

BARAKA: Na wakati wa kurekodi, F2 inafuta vidude vya skrini. Usiharakishe muda ndani ya hewa, viungo vya vipande vidogo hutetemeka na roketi ikavunjika bila kosa la mchoro.

ZUHURA: Pembeni ya picha weka zile namba nne, na chini yake sekunde 48 zikihesabika kuelekea sifuri.