Pigo ni la Uzito, si la Mguu

Mhadhara kwa wanafunzi na walimu wa dansi ya ukumbini

Shikamooni wazee wangu, na ninyi wengine habari za jioni. Nashukuru kwa kualikwa, na nafurahi kuona wengi mmekuja na viatu vya kuchezea, maana leo hatutakaa vitini muda wote.

Nimeombwa kuzungumzia hatua na mapigo katika walzi, foksitroti, tango na dansi nyingine za jamii hiyo. Nina jambo moja tu la kusema, na nitalizunguka kila upande: kinachofuata muziki si mguu, ni uzito wa mwili. Wengi wetu tulifundishwa kuhesabu moja, mbili, tatu huku tukitazama viatu. Mguu ukigusa sakafu kwenye pigo, mwalimu anasema vizuri na mwanafunzi anaridhika. Lakini mwenzako uliyemshika hauoni mguu wako. Anachokipata ni kifua chako, mbavu zako na kiuno chako, na kama hivyo vimebaki nyuma, kwake yeye umechelewa hata kama kiatu chako kimefika kwa wakati.

Hebu simameni. Miguu pamoja, uzito wote mguu wa kushoto. Wa kulia uwe mwepesi kiasi kwamba mtu akiuvuta unamfuata. Sasa pelekeni wa kulia mbele, hatua ya kawaida, mkome pale hatua ilipofunguka kabisa. Msisogee. Uzito uko wapi? Nasikia “mbele”. Huku nasikia “nyuma”. Unatakiwa uwe katikati: nusu kwenye kisigino cha mbele, nusu kwenye unyayo wa nyuma, pale vidole vinapoanzia. Mwenye uzito wote mbele ameanguka akadakwa na mguu wake mwenyewe. Mwenye uzito wote nyuma ametanguliza mguu tu, hatua bado hajaipiga. Haya, sukumeni kwa mguu wa nyuma, mwili upite juu ya ule wa mbele, na wa nyuma uje mpaka kando yake. Hapo ndipo hatua inapokwisha. Asanteni, kaeni.

Mtaniambia huku ni kutembea tu. Ndivyo, na ilichukua watu miaka kukubaliana hivyo. Dansi za kale za Ulaya zilichezwa kwa vidole vilivyogeuzwa nje, kama katika baleti. Mnamo 1920 Philip Richardson, mhariri wa jarida la Dancing Times, aliwaita walimu wa dansi mkutanoni London, kwa sababu kumbi zilikuwa zimejaa vijana waliocheza kila mtu lake. Mwaka 1924 chama cha Imperial Society of Teachers of Dancing, kilichoanzishwa 1904, kikaunda tawi la dansi ya ukumbini, na mmoja wa wanakamati wake alikuwa Victor Silvester, bingwa wa dunia wa 1922. Msingi walioujenga ulikuwa mwendo wa kawaida wa binadamu: nyayo zikiangalia mbele, sambamba. Wazee wetu wa vilabu vya dansi vya Dar es Salaam na Tanga katika miaka ya 1930 walicheza walzi na foksitroti zilizokwisha kupita katika mikono hiyo.

Sasa niwapeleke mahali ambapo huenda hamkutegemea. Mwaka 1986 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya juu ya wanawake wa Kijaluo, wanaobeba mizigo kichwani, na wanawake wa Kikikuyu, wanaobeba mgongoni kwa mkanda uliopita juu ya kipaji cha uso. Ilionekana kwamba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea matumizi ya nguvu hata kidogo walipokuwa wakitembea. Mwaka 1995 ukafuata utafiti wa pili, katika jarida lilelile, ukieleza sababu. Mtu anapotembea, mwili unapanda na kushuka. Mguu mmoja ukiwa umesimama wima chini yake, mwili uko juu kabisa na mwendo wake ni mdogo. Miguu ikiwa imepanuka, mwili uko chini na mwendo ni mkubwa. Nguvu ya kuwa juu inageuzwa kuwa mwendo, na mwendo unageuzwa kuwa kimo, kama bembea. Sisi wengine katika kugeuza huku tunapoteza sehemu kubwa, na misuli inalazimika kufidia. Wale akina mama, wakiwa na mzigo, walipoteza kidogo kuliko sisi.

Nawaomba mlishike hilo, kwa sababu walzi yote imo humo.

Walzi ya mashindano huchezwa kwa vipimo vya muziki 28 hadi 30 kwa dakika, na kila kipimo kina mapigo matatu. Kwa hiyo pigo moja ni kama sekunde 0.7. Chukueni mzunguko wa kulia, sehemu ya anayeongoza. Pigo la kwanza, mguu wa kulia mbele: kisigino kwanza, kisha uzito unapita hadi vidoleni. La pili, mguu wa kushoto pembeni, juu ya vidole. La tatu, wa kulia unafunga kando ya wa kushoto, vidole, halafu kisigino kinashuka. Kuinuka kunaanza mwishoni mwa pigo la kwanza, si mwanzoni. Kitabu cha mazoezi kitakuambia hivyo na kukuachia hapo. Bembea inakupa sababu. Pigo la kwanza ndilo la mwendo: uko chini, hatua ni ndefu, unasafiri. Ukiinuka mapema umeugeuza kuwa kimo mwendo ambao hata hujaupata. Ndiyo maana utamwona mtu anainuka vizuri sana, amenyooka, anapendeza, na hajatoka mahali pake. Halafu anajaribu kufidia kwa kuivuta hatua ya pili kwa nguvu za paja, na mwenzake anayumba.

Lakini ugonjwa mkubwa zaidi nauona kwenye pigo la tatu. Miguu inafungwa, vidole vinakutana, na mchezaji anasimama kwenye yote miwili. Nusu huku, nusu huku. Sasa hatua ya nne inataka mguu wa kushoto urudi nyuma, na huo mguu bado umebeba nusu ya mwili! Anachofanya ni kuushtua, kuunyakua kutoka sakafuni, na sekunde 0.7 zake zimekwisha. Kufunga miguu ni hatua kamili. Uzito wote uhame kuingia mguu uliofunga, kisha, ndani ya pigo hilohilo, kisigino cha mguu huo kiteremke na goti lilegee. Kushuka kule ni mali ya pigo la tatu. Ukikuhamishia kwenye la kwanza linalofuata, utamwangukia mwenzako kifuani, na hakuna mkono wa kuongoza utakaolificha hilo.

Wanafunzi wangu nawafanyisha hivi: wakifika kwenye tatu, wakae juu ya mguu mmoja muda wote wanaohitaji, bila muziki, hadi waweze kuunyanyua mwingine pasipo kuyumba. Ndipo washuke. Inachosha na haipendezi kwa mtazamaji. Sijaona njia fupi kuliko hiyo.

Nije kwa anayerudi nyuma, ambaye katika vitabu vingi ni mwanamke. Naona tunamdhulumu. Tunamwambia “fuata tu”, wakati kazi yake ni ngumu kuliko ya anayekwenda mbele. Mtu akitembea mbele, kisigino kinamwongoza. Akirudi nyuma, vidole vinatangulia, kisha mbele ya unyayo. Wakati huo vidole vya mguu uliobaki mbele vinanyanyuka na kisigino chake kinavutwa sakafuni. Tazameni sasa kisigino cha mguu wa nyuma: kinateremka taratibu, na kinagusa sakafu pale tu mguu wa mbele unapofika kando yake. Kikishuka mapema, mwili unakwama, na anayeongoza anajigonga kwenye magoti ya mwenzake. Nusu ya malalamiko ninayosikia kwamba “ananikanyaga” yanatokana na kisigino hicho. Na kwenye mzunguko ule wa walzi, katika hatua yake ya kwanza ya kurudi nyuma, mwanamke anainuka kwa mwili tu, si kwa mguu, huku kisigino kikibaki chini mpaka uzito uchukuliwe na hatua inayofuata. Anayekinyanyua mapema anaupoteza mguu wake wa kusimamia kabla hajapata mwingine.

Katika foksitroti jambo hili linakuwa kali zaidi. Hatua ya polepole ina mapigo mawili, kama sekunde moja nzima, na hakuna kufunga miguu kwa kupumzikia. Sekunde hiyo ni ndefu kuliko unavyodhani. Wengi wanaimaliza hatua katika nusu ya kwanza, halafu wanasimama kuusubiri muziki. Ukiangalia jukwaa la Blackpool, Uingereza, ambako mashindano yamefanyika tangu 1920, wachezaji wazuri huwezi kusema ni lini uzito wao ulihama. Unahama muda wote. Na kuna mzunguko wa kisigino wa mwanamke katika mzunguko wa kulia: mguu wa kushoto nyuma, wa kulia unakuja kando yake, mwili unageuka juu ya kisigino cha kushoto. Uzito unahamia mguu wa kulia mwishoni mwa mgeuko, si mwanzoni. Dada akiuhamisha mapema, anajikuta anageuka juu ya mguu usio wake, na lazima aweke mkono wote begani kwa mwenzake. Mkiona bega la mwanamume limevutwa chini, angalieni visigino vya mwanamke kabla hamjamlaumu.

Tango inakataa karibu kila nililosema, na ni haki yake. Haina kuinuka na kushuka. Magoti yanabaki yamelegea, mguu unanyanyuliwa kidogo na kuwekwa, wala hauburuzwi. Mwili unakaa, unakaa, kisha unakwenda ghafla na kufika. Anayeingia tango na bembea ya walzi atacheza kitu kitamu ambacho si tango.

Na rumba, kwa kifupi, maana nimeona mkono umenyanyuliwa pale. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mwalimu aliyefanya kazi London, Pierre Margolle, alikwenda Havana akakuta Wakuba wakianza hatua kwenye pigo la pili, akarudi kuufundisha mtindo huo. Hatua ni mbili, tatu, nne, na pigo la kwanza ni la nyonga: mguu haupigi hatua mpya, uzito unakaa vizuri juu ya mguu uliokwisha nyooka. Sisi tuliokulia kwenye rumba ya Kongo tunajua kutumia nyonga, lakini tunaona pigo la kwanza tupu na tunataka kulijaza kwa mguu. Nyonga haichezwi peke yake. Inatokea kwa sababu uzito umefika. Ukiona mtu anaizungusha na uzito haujahama, mwambie asubiri.

Maswali nitayapokea tukiwa tumesimama. Sogezeni viti ukutani. Walio na soli za mpira wavue, wacheze na soksi, kwa sababu mpira unakamata vigae na goti ndilo linalolipa. Kila mtu peke yake, hakuna kushikana, wanaoongoza na wanaofuata wote sawa: hatua nane kurudi nyuma, kila hatua kwa mapigo mawili. Mimi nitahesabu, muziki bado. Kaka wa pale nyuma, njoo huku mbele upate nafasi. Mguu wa kulia ndio unaoanza, na sitaki kisigino kiguse sakafu kabla ya pigo la pili.