Mto Wetu Si wa Buluu: Kuchora Mto kwa Udongo Wake Wenyewe

Assalaamu alaykum, watazamaji wangu. Walimu wenzangu karibuni, na nyinyi watoto mnaotazama karibuni pia. Leo nipo Pemba, nyuma ya skuli, na sauti mnayoisikia ni ya mto wetu. Si mto mkubwa. Kiangazi kikikaza, mtu mzima anauruka. Lakini unatoka juu kule kwenye mikarafuu, unapita bonde la mpunga, unaishia horini, pale bahari inapoingia kwenye mikoko, na watoto wa hapa wote wamekulia kandokando yake.

Mwambie mtoto yeyote achore mto. Atachukua kalamu ya buluu. Darasa langu la tano walichora hivyo hivyo, karatasi arubaini, mito arubaini ya buluu. Nikawauliza, huo mto wa buluu mmeuona wapi? Wakanyamaza. Basi tukatoka nje kwenda kuuangalia, na ndiyo hatua ya kwanza ya kazi hii ya kuchora mto kwenye kitambaa kirefu kwa udongo wake wenyewe: kabla ya brashi, kabla ya rangi, nendeni mkautazame mto.

Kabla hamjatoka, pateni ruhusa ya mwalimu mkuu, na sheha, yaani kiongozi wa mtaa, ajue kwamba watoto watakuwa bondeni. Wazee pia waambiwe. Chagueni siku ambazo mvua imeshapoa. Sisi tunapenda kipupwe, maana njia hazitelezi na kitambaa kinakauka vizuri.

Sasa hapa nisikilizeni sana. Watoto hawaingii kwenye maji ya mto. Hata kidogo, hata mguu mmoja. Kichocho bado kipo Unguja na Pemba. Kuanzia mwaka 2012 Zanzibar iliendesha mradi mkubwa wa kukitokomeza, watu wakapewa dawa, walimu wakafunzwa, na ugonjwa umepungua mno, lakini kupungua si kwisha. Mtu mwenye kichocho akikojoa mtoni, mayai yanaingia majini, yanaangua, vijidudu vinamwingia konokono wa maji baridi, na vikitoka kwa konokono vinapenya ngozi ya mtoto anayeoga pale. Mara nyingi mtoto hasikii chochote. Baadaye anakojoa damu. Kwa hiyo udongo wa mtoni anauchota mtu mzima, amevaa mabuti marefu ya mpira na glavu, anatumia jembe, na anauchota ukingoni. Watoto wanasimama juu ya daraja au kwenye njia kavu na madaftari yao. Na anayebanwa na mkojo anakwenda chooni skuli. Tumewekeana sharti hilo, na watoto wenyewe ndio wanaolisimamia.

Tuanze juu, mlimani. Tazameni mkono wangu. Huu mwekundu ndio kinongo. Ukiusugua kwa kidole gumba unaacha alama kama ya kutu. Chukueni kopo moja, linatosha. Tukishuka bondeni tunakutana na kinamo, huu mweusi mzito unaonata jembeni, ndio unaoshika maji ya mpunga. Ukikauka unapasuka vipande vipande, na ukiuvunja ndani una rangi ya kijivu. Mkipata udongo wa kichanga njiani, ule wenye mchanga mwingi, uchukueni pia, una weupe wake.

Horini ni raha zaidi, maana maji ni ya chumvi na konokono wa kichocho haishi kwenye chumvi. Subirini maji yatoke, watoto wavae viatu vya kufunika mguu kwa sababu mizizi ya mikoko ina chaza wanaokata kama wembe. Chimbeni kidogo tu. Tope la hapa ni jeusi kama masizi na linanuka yai viza. Lipakeni kwenye kipande cha kigae mliweke juani, kisha mlitazame kila baada ya muda. Weusi unaondoka! Linageuka kijivu, pembeni linaingia uhudhurungi. Hewa ndiyo inayoligeuza. Watoto wangu waliligombania lile gae, kila mmoja anataka kuona limefika wapi.

Hapo hapo horini, utafuteni mchu, mmoja wa miti ya mikoko. Geuzeni jani lake, chini ni jeupe-jeupe. Juu yake mtaona chembe ndogo zinang'aa. Lambeni. Ni chumvi, mti unaitoa kupitia majani. Okoteni majani yaliyoanguka ya mchu, ya mkoko, ya mlilana, tutayatumia kupigia chapa. Yaliyo bado juu ya mti msiyachume, na magome ya mkandaa msiyabandue, najua yanatoa rangi nzuri nyekundu, lakini mti ukibanduliwa gome pande zote unakufa.

Haya, tumerudi skuli. Udongo wote uanikwe juani siku mbili mpaka ukauke kabisa, ndipo mtoto aushike kwa mkono mtupu. Kisha utwangwe. Tumieni kinu kibovu kisichotwangiwa chakula tena. Uchekecheni, halafu fanyeni jambo ambalo wengi huliruka, na ndilo linalofanya rangi iwe rangi badala ya tope. Tieni unga wa udongo kwenye kopo, jazeni maji ya bomba, korogeni, hesabuni mpaka kumi. Mchanga unazama. Yale maji mazito ya juu yamwageni polepole kwenye kopo la pili, na mchanga mwuache. Rudieni mara mbili. Kopo la pili liachwe mpaka kesho, asubuhi mtakuta maji safi juu na chini udongo laini kama samli iliyoganda. Mwageni maji, huo udongo laini ndio rangi yenu.

Rangi inahitaji kitu cha kuishikisha. Sisi tunatumia unga wa muhogo. Mwaka wa kwanza niliupika kwa maji matupu, kitambaa tukakikunja stoo, masika yakaingia, nilipokikunjua kimeota ukungu wa kijani kutoka upande hadi upande. Niliumia, kwa sababu watoto walikuwa wamekifanyia kazi wiki tatu. Tangu siku ile nachemsha kwanza makonyo ya karafuu, vile vijiti vinavyobaki karafuu zikichambuliwa, kiganja kimoja kwa vikombe vitatu vya maji, nayachuja, na maji hayo ndiyo ninayopikia. Ukungu hauyapendi. Vijiko vinne vya kulia vya unga wa muhogo vikorogwe kwanza na maji baridi kidogo ili visifanye madonge, kisha mimineni kwenye yale maji ya makonyo yakiwa yanachemka. Msiache kukoroga. Uji ukiacha weupe na kuwa kama kioo, kama uwanga wa kanzu, uepueni. Ukipoa, changanyeni kijiko kimoja cha uji na vijiko viwili vya udongo laini. Jaribuni pembeni ya kitambaa: ikikauka na kubanduka ukikunja, ongezeni uji.

Rangi nyengine zipo jikoni. Weusi ni makaa ya vifuu yaliyotwangwa. Manjano ni bizari. Bizari na makaa kidogo vinatoa kijani cha majani makavu, ambacho ndicho kijani cha mpunga unaokaribia kuvunwa. Na sasa njooni karibu, kamera isogee. Hii hapa bizari nimeipaka kitambaani. Nachukua magadi niliyoyayeyusha, nadondosha tone moja. Mmeona? Imekuwa nyekundu papo hapo. Watoto wakilipata hili hawalali. Lakini jueni kwamba bizari inapauka juani, kwa hiyo kitambaa kikitundikwa, kitundikwe kivulini.

Mtoto mmoja alileta nili ya kufulia nguo, kakipakiti kadogo, akaniambia mwalimu, buluu hii hapa. Nikamwambia twende darajani ukanioneshe mahali pa kuitia. Tukasimama pale muda mrefu, anaangalia chini. Mwisho akasema, ipo pale, mbingu inapojiona. Na kweli ipo. Nikamruhusu atie kitone kwenye sehemu ile moja, kwa sababu ameiona kwa macho yake.

Kitambaa ni marekani, mita kumi, au mashuka makuukuu yaliyofuliwa. Kateni vipande vya mita moja moja, kila kundi la watoto wanne lichukue kipande na sehemu yake ya mto, kuanzia mlimani hadi horini. Kabla ya kukata, pigeni mstari mmoja wa makaa katikati ya kitambaa chote kuonesha mto unapopita, la sivyo vipande havitaungana. Pakeni uji mwepesi kitambaa kizima, kikauke, ndipo mchore. Brashi ni kumbi la nazi lililogongwa ncha mpaka nyuzi zikaachana. Majani mliyookota yapakwe rangi upande wenye mishipa, yalazwe, yakandamizwe kwa kiganja. Kila sehemu ipakwe udongo wake: juu kinongo, bondeni kinamo, chini tope la horini.

Imebaki takataka. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2006, lakini ukingoni bado tunaokota vifuniko vya chupa, ndara, vipande vya nyavu, pakiti za biskuti. Mtu mzima mwenye glavu azitoe. Pampasi, sindano na vigae vya chupa watoto wasivisogelee. Kilicho salama kifuliwe kwa sabuni, kianikwe, kisha kishonwe kwenye kitambaa mahali pale pale kilipookotwa. Msikipambe wala msikipange kipendeze. Kwetu, karibu na daraja hakukubaki nafasi ya rangi, ni vifuniko vitupu vimesongamana. Mama mmoja alikuja siku ya wazee, akasimama mbele ya kipande kile, akagusa ndara nyekundu ya mtoto na kusema, hii yetu.

Vipande vikikauka viungeni kwa mkono, mshono mpana, mto ufuate mstari. Tundikeni barazani kwa fito mbili. Na pembeni, kwa makaa, andikeni mwezi na mwaka. Hilo msilisahau, kwa sababu mvua kubwa zikija, kinongo cha mlimani, pale miti ilipokatwa, kinateremka chote na mto wa bondeni unakuwa mwekundu mpaka horini. Kitambaa hiki chetu ni cha kipupwe. Cha masika tutakianza mvua ikishika, tukiwa juu ya daraja.