Mtoto wa pumzi mia na nne

JUMA: Haya tumerudi, maiki zinawaka, na dada Tatu leo kaingia kanuna hata salamu yangu kaitikia nusu.

TATU: Nimeitikia yote, ila sauti imekauka. Jumanne nimeongoza semina ya mtandaoni, yaani nusu saa ya kwanza kazi yangu ilikuwa "mnanisikia? mnanisikia?" Afadhali zamu ya usiku mara mia.

JUMA: Na ndo maana leo tuliwaahidi watu mambo matano ya kuzingatia ukitaka kufundisha afya ya mama na mtoto mtandaoni, nimeyaandika hapa kwa mkono, la kwanza...

TATU: Weka karatasi chini kwanza, mdogo wangu. Mada ilikuwa dalili za hatari kwa watoto. Tukafika kwenye kuhesabu pumzi. Nina video moja nzuri, mtoto wa miezi 8 ametulia, hali wala halii, kifua kiko wazi kinapanda kinashuka. Nikawaambia hesabuni dakika nzima, sekunde zote 60, msihesabu 15 mkazidisha kwa 4 maana pumzi za mtoto haziendi kwa mpangilio. Afu kila mtu aandike namba yake pale kwenye chati, sehemu ya kuandikiana ujumbe.

JUMA: Jibu lilikuwa ngapi?

TATU: 54, nimeihesabu mwenyewe mara tatu. Majibu yakaja 54, 53, 41, 38, mwingine 29, na mmoja kaandika 104.

JUMA: (anacheka) Mia na nne! Huyo mtoto katulia au yuko kwenye mashindano?

TATU: Na mi nilicheka hivyohivyo. Kumbe huyo alihesabu kupanda moja, kushuka mbili. Pumzi moja ni kupanda na kushuka kwa pamoja.

JUMA: Hebu nihesabu na mimi. Anza!

TATU: Juma, muda.

JUMA: Dakika moja tu, wasikilizaji nao wahesabu.

(kimya, kisha kicheko)

TATU: Tisa! Mtu mzima aliyetulia ni kama 12 mpaka 20 hivi, we umeibana pumzi makusudi.

JUMA: Nilikuwa naigiza nina mtandao mbovu.

TATU: Sasa umegusa penyewe, bila kujua. Wale wa 38 na 29 hawakukosea kuhesabu, video iliwagandia. Picha inasimama sekunde kumi, inaruka, zile pumzi za katikati zimemezwa. Na ujue mtoto wa miezi 2 mpaka 12 akifika 50 kwenda juu hiyo ni haraka, apelekwe kwa mhudumu wa afya, inaweza kuwa nimonia. Chini ya miezi 2 kikomo chao ni 60, mwaka 1 mpaka 5 ni 40. Kwa hiyo 54 anapelekwa, 38 anaachwa alale. Mtoto yuleyule! Anaumwa kwa mwenye mtandao mzuri, mzima kwa mwenye mtandao mbovu.

JUMA: Aisee. Mtoto anapona kwa kuishiwa bando.

TATU: Ndo nililonunia hilo. Mwenye mtandao mbovu mara nyingi ndo huyohuyo aliye mbali na hospitali.

JUMA: Si uwatumie video siku moja kabla, waipakue, wahesabu bila intaneti?

TATU: Nitafanya hivyo.

JUMA: Na ukishatuma video, tuma na maelezo kwa voisi fupifupi. Laivu ya nini tena? Mama ananyonyesha, mtoto analia, we unamwambia kaa saa moja na nusu mbele ya simu.

TATU: Laivu ni ya maswali, Juma. Voisi haiulizwi swali.

JUMA: Na maswali ndo yanayonitisha mimi. Si uliniambia ya yule mama?

TATU: (kimya) Dakika ya 20 mtu kaandika "wangu ana wiki 3 hanyonyi tangu asubuhi". Chini yake zikashuka salamu, hongera, "sauti haitoki", na hizo namba za pumzi. Nimekuja kuiona dakika ya 60.

JUMA: Dakika 40, dada Tatu. Mtoto wa wiki 3 kagoma kunyonya hiyo si dalili ya hatari?

TATU: Ni ya hatari kabisa. Nikasimamisha kila kitu nikamwandikia aende hospitali sasa hivi, asisubiri semina iishe. Akajibu "sawa". Basi.

JUMA: Ndo nasema, funga chati. Ukiiacha wazi mtu anaona kuna mhudumu, anasubiri jibu badala ya kutoka nyumbani.

TATU: Ukiifunga mtu hana pa kuuliza. Unadhani angemuuliza nani? Mi naweka mtu kazi yake kusoma chati tu mwanzo mwisho, na slaidi ya kwanza inasema ukiona mojawapo ya dalili hizi za hatari zima simu uende hospitali.

JUMA: Huyo msomaji chati naye mtandao ukimgandia?

TATU: Naweka wawili.

JUMA: Wakigandiwa wote?

TATU: Sasa unabishana tu.

JUMA: Sibishani, nauliza. Mi ningefunga.

TATU: Na mi siifungi. Hata semina ijayo chati iko wazi, njoo uone.

JUMA: Nije nihesabu pumzi?

TATU: Wewe ukae na chati. Ukiona neno "hanyonyi" unanipigia kelele hata kama nipo katikati ya sentensi.

JUMA: Nitakaa, ila bado ningefunga. Haya, taa nyekundu inawaka, tumebaki na dakika mbili na mambo matano hatujagusa hata moja.

TATU: La kwanza lilikuwa nini?

JUMA: "Hakikisha sauti inasikika."

TATU: (anacheka) Toa hiyo karatasi hapa. Video ya mtoto tutawawekea, ipakueni kwanza ndo mhesabu, na atakayepata mia na nne asione aibu kutuandikia.

JUMA: Dada Tatu, mnanisikia?

TATU: Zima, Juma.