Kwa Nini Pingili za Shingo Husagika Umri Unapoendelea

MTANGAZAJI WA KWANZA: Karibu, msikilizaji. Leo tunazungumzia neno ambalo wengi hukutana nalo kwa mara ya kwanza kwenye majibu ya eksirei: spondilosisi ya shingo. Kaka, jina hilo linatisha. Maana yake hasa ni nini?

MTANGAZAJI WA PILI: Jina ni zito kuliko jambo lenyewe, dada. Ni jina la jumla la uchakavu unaozipata pingili za shingo, diski zilizo kati yake na viungo vinavyoziunganisha. Shingo ina pingili 7 lakini diski 6 tu, tukihesabu na ile iliyo chini ya pingili ya 7, kwa sababu kati ya pingili ya kwanza na ya pili hakuna diski kabisa.

MTANGAZAJI WA KWANZA: Uchakavu wenyewe huanzia wapi?

MTANGAZAJI WA PILI: Mara nyingi huanzia kwenye diski, na chanzo chake ni maji. Diski ina kiini laini kilichozungukwa na tabaka za nyuzi imara, na ujanani sehemu kubwa ya kiini hicho, asilimia 80 hivi, ni maji. Seli za diski ndizo zinazotengeneza kemikali za kuyashikilia maji hayo, na umri unapoendelea seli hizo hupungua na utendaji wake hudhoofika. Tena, ndani ya diski ya mtu mzima karibu hakuna mishipa ya damu. Chakula chake hupenya polepole kutoka kwenye mfupa jirani, kupitia bamba jembamba la gegedu, yaani ile tishu nyororo inayofunika ncha za mifupa, ambalo nalo hukakamaa kadiri miaka inavyopita. Sehemu ya mwili inayolishwa kwa shida namna hiyo haiwezi kujikarabati upesi inapochanika.

MTANGAZAJI WA KWANZA: Basi diski imekauka na kusinyaa. Mifupa nayo inaingiaje?

MTANGAZAJI WA PILI: Mzigo haupotei, dada, bali huhama. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5 hivi. Diski ikipungua kimo, pingili husogeleana, na viungo vidogo vya nyuma, ambavyo kazi yake kubwa ilikuwa kuongoza mwendo, hulazimika kubeba sehemu ya mzigo huo. Gegedu la viungo hivyo hulika, na mfupa huota vichomozo pembeni, kana kwamba unatafuta mahali papana zaidi pa kuegemea. Kano zilizokuwa zimetanuka hulegea, hujikunja na kunenepa. Kichomozo kikiota karibu na tundu linalopitisha mshipa wa fahamu, mtu huhisi maumivu au ganzi mkononi, ilhali tatizo liko shingoni.

MTANGAZAJI WA KWANZA: Je, pingili zote huchakaa sawa?

MTANGAZAJI WA PILI: La. Huathirika zaidi kati ya ya 5 na ya 6, kisha kati ya ya 6 na ya 7, kwa kuwa hapo ndipo shingo hukunjika sana mtu anapoinama na kuinua kichwa.

MTANGAZAJI WA KWANZA: Mbona wapo wazee wenye shingo nyepesi, na wapo wa miaka 40 wanaolalamika?

MTANGAZAJI WA PILI: Urithi una nguvu kubwa, na tafiti za mapacha zimeonyesha hivyo. Yapo pia majeraha ya zamani, uvutaji wa sigara, na kazi zinazomlazimu mtu kuinua kichwa juu kwa saa nyingi, kama kupaka rangi dari. Simu hulaumiwa mno, nadhani kupita kiasi: kuinamisha kichwa huichosha misuli ya nyuma ya shingo, lakini misuli iliyochoka si pingili iliyosagika.

MTANGAZAJI WA KWANZA: Na aliyeambiwa kwamba picha yake ina uchakavu?

MTANGAZAJI WA PILI: Asikate tamaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 nchini Japani uliwapima kwa MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, watu 1,211 wasio na dalili zozote, na asilimia 87.6 kati yao walikutwa na diski zilizotokeza nje kidogo, wakiwamo wengi wa miaka ya ishirini. Picha huonyesha umbo, haionyeshi maumivu, na daktari makini humsikiliza na kumpima mgonjwa kabla ya kuitegemea.

MTANGAZAJI WA KWANZA: Ni wakati gani basi jambo hili huwa la haraka?

MTANGAZAJI WA PILI: Ni pale njia ya uti wa mgongo inapokuwa nyembamba hata ugwe wenyewe, yaani fungu la mishipa ya fahamu linaloshuka kutoka ubongoni, ukabanwa. Hali hiyo huweza kuja bila maumivu makali. Mtu huanza kushindwa kufunga vifungo vya shati, mwandiko wake hubadilika, miguu huwa mizito na hutembea akiyumba, na mara nyingine haja ndogo humsumbua. Wengi husema ni uzee tu. Mwenye dalili hizo aende hospitali mapema, kwa sababu ugwe uliobanwa kwa muda mrefu huenda usirudi katika hali yake hata baada ya upasuaji.