Mji wa Kimoja Kimoja: Mhadhara kwa Wanaofikiria Kuhama Jijini

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie swali ambalo nadhani wengi wenu mmekuja nalo mkiwa mmeshalijibu: nihame jijini nikaishi mji mdogo, au nibaki? Mtu akifikia hatua ya kutoka nyumbani kwake kuja kusikiliza mhadhara wa namna hii, moyo umeshafungasha mizigo. Inayosubiriwa ni akili tu. Basi leo nazungumza na akili.

Mizani ya kawaida mnaijua. Huku foleni, kelele, na kodi ya nyumba inayomeza mshahara; kule utulivu, hewa safi, na nyumba yenye ua. Ukipima hivyo, jiji limeshindwa kabla hujaanza. Lakini mwaka 1998 wanasaikolojia David Schkade na Daniel Kahneman walichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa vyuo vikuu wa California na wa majimbo ya katikati ya Marekani. Pande zote mbili ziliamini kwamba wa California wanaridhika zaidi na maisha, hasa kwa sababu ya hali ya hewa. Walipoulizwa kila mmoja kuhusu maisha yake mwenyewe, wakawa sawa. Jua lile humvutia anayelitazama kutoka mbali. Anayeishi chini yake anawaza mtihani na madeni. Utulivu wa mji mdogo una tabia hiyohiyo: mwanzoni utausikia, kisha utarudi kuwaza mambo yako.

Kwa hiyo siwaulizi mtapata nini huko. Nauliza: vitu mnavyovitegemea, huko viko viwili?

Mwaka 1933 mwanajiografia Mjerumani Walter Christaller alieleza kwamba kila huduma inahitaji idadi fulani ya wateja ili isife. Duka la mahitaji ya kila siku linatosheka na wachache, kwa hiyo utalikuta hata kijijini. Daktari bingwa wa moyo anahitaji watu wengi mno, kwa hiyo hukaa mji mkubwa, wagonjwa wakamfuata. Watu wakisikia hayo huanza kuorodhesha visivyokuwepo. Mimi vinanitisha zaidi vilivyopo kimoja kimoja. Kisichokuwepo umeshajiandaa nacho, unajua utasafiri. Lakini mwajiri wa fani yako akiwa mmoja, siku mkikosana hujapoteza kazi peke yake, umepoteza na mji. Shule ya sekondari ni moja, na mwanao haelewani na mwalimu mkuu. Mwanasheria ni mmoja, na ndiye anayemtetea jirani mnayegombania mpaka wa kiwanja. Jijini mtu hukasirika akaenda mlango wa pili. Mji mdogo hukulazimisha kupatana. Wapo linaowafaa jambo hilo, tena likawafanya watu bora. Wapo linaowachosha wakaugua. Wewe ni yupi, mwenzi wako anajua kuliko wewe.

Kwenye kazi nitakaa kidogo. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter aliandika kuhusu watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu. Asilimia 16.7 tu walisema huyo mtu walikuwa wakionana naye mara kwa mara. Waliobaki walisaidiwa na watu wanaoonana nao mara mojamoja au kwa nadra: aliyewahi kufanya kazi nao, rafiki wa rafiki. Sababu yake ni kwamba mnaoshinda pamoja mnajua habari zilezile. Sasa fikirieni mji ambao karibu wote wanashinda pamoja. Upendo utakuwepo, msibani utazikiwa vizuri, ila habari za kazi zitazunguka palepale.

Na mkiwa wawili wenye taaluma, hesabu inazidi kukaza. Wachumi Dora Costa na Matthew Kahn walionyesha mwaka 2000 kwamba huko Marekani wanandoa wasomi walikuwa wakizidi kukusanyika kwenye majiji makubwa, na sababu mojawapo kubwa ni kwamba kila mmoja alihitaji kazi yake. Mji mdogo mara nyingi humpa kazi mmoja. Wa pili anaambiwa "utapata kitu." Jamani, hicho kitu kitafutwe kabla ya kuhama, na kitafutwe na huyo wa pili mwenyewe.

Najua kuna mtu anataka kunikatiza kwamba yeye anafanyia kazi kwenye intaneti. Vizuri. Muulize mwajiri wako kama ruhusa hiyo imeandikwa mahali. Akikuita ofisini mwakani, je, huko uliko kuna wa kukuajiri?

Kuhusu afya neno moja tu. Kiharusi kinachotokana na damu kuganda, dawa ya kuliyeyusha bonge hilo kwa kawaida hutolewa ndani ya muda wa saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na lazima kwanza ubongo upigwe picha. Mwenye wazazi wazee apime umbali hadi hospitali yenye mashine hiyo kabla hajapima ukubwa wa ua.

Kurudi nako kupo. Mwanajiografia Ravenstein alipochunguza uhamaji mwaka 1885 aliona kila mkondo mkubwa wa wahamaji una mkondo wake wa kuelekea kinyume, kwa hiyo anayerudi si mkosaji. Tatizo ni nyumba: uliyouza jijini huenda bei yake ikapanda mpaka usiweze kuinunua tena, na ya mji mdogo ikakosa mnunuzi. Mwenye nyumba jijini aipangishe kwanza, naye akapange huko.

Na kabla hata ya kupanga, nendeni mkakae kule siku za kazi, katika msimu mbaya, bila mwenyeji wa kuwazungusha. Tafuteni daktari wa meno. Tafuteni fundi bomba. Mkishampata, mwulizeni: wewe ukiumwa, watu humwita nani?