Uchachushaji Endelevu: Kuendesha Kemostati ya Hamira

Karibuni, watazamaji. Chombo hiki ni kemostati, yaani chombo cha kukuzia seli bila kukoma, nacho kina lita 1 ya hamira: lishe mpya yenye glukosi kidogo inaingia kwa mrija wa kushoto, na kiasi kilekile cha mchanganyiko kinatoka kwa mrija wa kulia. Vyombo vyote vimekwisha kutakaswa kwa mvuke, na hatua hiyo nairuka.

Pimeni pampu kwa mrija uleule mtakaoutumia, maana mrija mwingine hutoa kiasi kingine. Yangu imejaza mililita 100 za silinda kwa dakika 30, yaani mililita 200 kwa saa. Nikigawanya kwa ujazo wa chombo, napata 0.2 kwa saa, yaani kila saa inaingia lishe sawa na sehemu moja ya tano ya ujazo wa chombo. Kwa kasi hiyo hamira italazimika kuongezeka maradufu kila baada ya saa 3 na nusu hivi, na ikishindwa itaondoka yote pamoja na maji yanayotoka. Ikuzeni kwanza usiku kucha bila pampu, ndipo muiwashe.

Hapa tafadhali tazameni kwa makini. Kibomba hiki cha kioo ni kidondoshi, na lishe lazima ipite hewani tone moja moja kabla ya kugusa chochote kilicho chini. Mara yangu ya kwanza niliunganisha mrija moja kwa moja, na siku ya tatu nikaikuta chupa ya lishe imechafuka, kwa sababu seli zilikuwa zimeota kwenye kuta za mrija na kupanda kinyume cha mkondo hadi chupani. Matone yakiungana yakawa uzi, simamisheni pampu. Narudia: uzi haufai, hata ukiwa mwembamba.

Ngojeni kidogo, kamera imeona jambo ambalo mimi sikuliona. Povu limeziba mrija wa kutokea na ujazo umeanza kupanda, na ujazo ukipanda, ile 0.2 yetu inashuka. Natia tone moja tu la kizuia povu. Haya, maji yanatoka tena.

Sasa subirini ujazo wote wa chombo ubadilishwe mara 5, ambazo kwetu ni saa 25. Baada ya mara ya kwanza, asilimia 37 ya maji ya mwanzo bado imo. Baada ya mara ya tano haifiki asilimia 1. Vipimo vitatu vya mwanga, yaani jinsi seli zinavyouzuia mwanga kupita, vikilingana, idadi ya seli imetulia.

Iliyotulia ni idadi, lakini jamii yenyewe inaendelea kubadilika. Seli iliyopata badiliko la jeni linaloiwezesha kunasa glukosi iliyo haba zaidi huwanyima wenzake na kuwaondoa polepole, wala kipimo cha mwanga hakitawaonyesha. Wanasayansi Novick na Szilard, waliokiita kifaa hiki kemostati mwaka 1950, walikitumia kuchunguza mabadiliko ya namna hiyo katika bakteria. Ndiyo maana kila siku mimi hugandisha sampuli ndogo.

Tazameni pia utepe huu mweupe ukutani, juu kidogo ya usawa wa maji: ni seli zilizong'ang'ania kioo ambazo mkondo hauzifikii, nazo hurudisha watoto wao chini bila kukoma. Msiukwangue katikati ya jaribio, la sivyo kipimo kitaruka ghafla.

Kabla sijazima kamera, nairudisha kwenye kidondoshi. Tone moja, nafasi, tone jingine.