Taa Ndizo Njuga Zake

Asanteni. Naanza na lile ambalo wengine wenu mmenisikia nikilisema mpaka mmelikariri: taa inayowaka kila ukigonga padi ya dramu ya umeme haikufundishi kitu. Umepiga sawa, imewaka. Umepiga ovyo, imewaka vilevile. Hiyo ni taa ya ukumbi wa harusi. Taa ya mazoezi ni ile inayolinganisha pigo lako na metronomu, kile kifaa kinachogonga mapigo sawasawa, kisha inakwambia ukweli. Mimi nimezipanga hivi: kijani ukiwa ndani ya milisekunde 20, nyekundu ukiwahi, bluu ukichelewa.

Kuna kijana nilimfundisha, mpiga dramu wa kwaya, mikono myepesi ajabu. Kila mtu alimsifu, isipokuwa waimbaji, ambao walikuwa wakinifuata pembeni: "Mwalimu, tukikaribia kibwagizo tunakosa pumzi." Nikamwambia anakimbiza mdundo. Akasema waimbaji ndio wanaovuta. Nikamrekodi, tukasikiliza pamoja. Akasema rekodi haiko safi. Sikubishana naye. Nikamkalisha kwenye dramu ya umeme, mapigo 90 kwa dakika, taa moja tu mbele ya macho yake, ya sneya, ile dramu ndogo yenye mlio mkali. Baa tatu, yaani mafungu matatu ya mapigo manne manne, kijani tupu. Baa ya nne yenye roli, ile mbio ya mapigo ya haraka kwenye dramu, nyekundu. Akaanza upya. Baa tatu kijani, ya nne nyekundu. Mara ya sita akalaza vijiti mapajani, akanyamaza kwa muda. Halafu akaniuliza: "Mwalimu, mbona inakuwa nyekundu kabla sijaanza roli?"

Nikainama kutazama. Kweli kabisa! Roli ilianza pigo la tatu. Nyekundu ilikuwa inawaka pigo la pili. Mimi, na masikio yangu haya, miezi yote hiyo nilikuwa nikiilaumu roli, na roli yenyewe haikuwa na kosa. Mkono wake ulikuwa na hofu ya kuchelewa kufika kwenye tomu, dramu za pembeni ambako roli inapigwa, basi ukaiharakisha sneya ya mwisho ili upate nafasi. Tukaacha roli kabisa. Wiki tatu tulifanya kazi ya pigo hilo moja, pigo la pili la baa ya nne. Waimbaji wakapumua.

Sasa najua kuna mzee ameshaandaa swali: wahenga wetu walijifunza ngoma kwa taa gani? Mzee wangu, ngomani mpigaji hakuwa peke yake. Mbele yake palikuwa na mguu wa mchezaji, na mguuni pana njuga. Akikimbiza, njuga zinaachana na ngoma, uwanja mzima unajua, na atatazamwa kwa jicho ambalo hatalisahau. Mtoto wa leo amejifungia chumbani, hedifoni masikioni, anapiga dramu ambayo hata jirani haisikii. Njuga zake ziko wapi? Mimi nasema hizi taa ndizo njuga zake, na kumnyima ni kumwacha apige miaka mitano bila mtu wa kumjibu.

Na wewe unayetaka kusema mdundo ni wa sikio, si wa jicho, tuko pamoja. Watu hufuata mlio kwa usahihi zaidi kuliko wanavyofuata taa inayowaka na kuzima. Ndiyo maana taa isimwongoze mtoto hata kidogo. Metronomu ibaki sikioni. Taa ije baada ya pigo.

Haya, ufundi, upesi upesi. Chini ya padi kuna kisahani cha piezo, yaani kitambuzi cha mtikisiko. Ukikigonga kinatoa umeme kidogo. Kiboksi cha dramu kinaugeuza kuwa ujumbe wa MIDI, lugha ambayo vyombo vya muziki vimekuwa vikizungumza tangu 1983. Ujumbe ni baiti 3: aina ya tukio, namba ya noti, na nguvu ya pigo mpaka 127. Kwa kawaida kiki, dramu kubwa ya mguu, ni noti 36, sneya 38. Katika waya wa MIDI wa asili, wenye biti 31,250 kwa sekunde, ujumbe huo unapita kwa takriban milisekunde 1. Arduino, kompyuta ndogo ya kuunganishia vifaa, inausoma, inapima, inawasha taa. Taa yenyewe ikichelewa kidogo usihangaike, kipimo kimeshafanyika. Lakini Bluetooth kati ya dramu na Arduino, hapana! Ucheleweshaji wake unapandashuka, kipimo kizima kinaharibika.

Viboksi vingi hutuma ujumbe mwingine wenye nguvu 0, maana yake noti imekwisha. Usipoupuuza, kila pigo litahesabiwa mara mbili na utamgombeza mtoto wa watu bure. Padi zilizofungwa kwenye stendi moja nazo hutikisana: unapiga sneya, tomu inajibu. Pandisha kizingiti cha tomu, yaani nguvu ya chini inayohesabiwa kuwa pigo. Metronomu nayo itoke kwenye mashine ileile inayopima, au ufuate saa ya MIDI, inayotuma alama 24 kwa kila pigo la muziki.

Nilitaka kusema habari za DMX, lugha ya kuongozea taa za jukwaani. Naziacha, naona naonyeshwa kuwa muda umekwisha.

Zimeni taa za ukumbi, tafadhali. Nani hapa anapiga dramu? Wewe dada mwenye kilemba cha njano, njoo. Sneya peke yake, mapigo 60. Na nyie msimpigie makofi ya kumsindikiza, mwacheni na metronomu yake.